Siku Nilipokataa Kuvua Kofia ya Betri

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana hata moja. Nilisimamishwa mbele ya gari dogo la rangi ya maziwa, boneti wazi, injini ikinguruma, na Fomeni Kamotho akanyoosha kidole kuelekea kwenye betri.

“Wewe mgeni, vua kofia.”

Kofia ndilo jina tuliloipa teminali, ile pete ya risasi inayobana kichwa cha betri na kushika waya. Nikailegeza kwa mkono, nikaivua. Cheche ikaruka, injini ikakohoa mara moja, kisha ikaendelea kunguruma kama kawaida. Mwenye gari alipiga makofi.

“Umeona?” Fomeni akamwambia. “Betri iko nje na gari bado inakula umeme. Alteneta ni nzima. Tafuta betri nyingine.”

Hiyo ilikuwa gereji moja nyuma ya mahakama ya Makadara, Nairobi, na hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote ya umeme wa magari niliyoikuta pale. Mimi shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nilidhani nimefika chuo kikuu. Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii sasa, mkiwa na simu zinazoweza kuwachorea waya zote za gari, ili mjue sisi tulivyofanya, na nani alitufundisha vibaya. Nitawataja. Wapo walioniambia nisiwataje, lakini jicho lililopotea ni langu.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Alteneta ni mashine ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, inazungushwa na mkanda wa injini. Betri kazi yake ni kuwasha gari tu. Gari likishawaka, alteneta ndiyo inayolisha taa, honi na mengine yote, na kile kinachobaki inairudishia betri. Hiyo ndiyo tunaita kuchaji. Gari likikataa kuwaka asubuhi, swali la fundi ni moja: betri imechoka, au hairudishiwi?

Kanuni ya Kamotho ilikuwa rahisi. Washa gari, vua kofia. Injini ikizima, alteneta imekufa. Ikiendelea, alteneta ni nzima. Aliipata kwenye magari ya zamani zaidi, yaliyokuwa na dainamo, mashine ngumu isiyojali sana. Alteneta si dainamo. Ndani yake kuna daiodi, vitu vidogo kama vifungo vya shati, ambavyo vinaruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Ukitoa betri ghafla injini ikinguruma, umeme uliokuwa ukienda huko unakosa pa kwenda. Volti zinaruka juu, daiodi zinaungua. Wakati mwingine regyuleta, ile inayoamua alteneta itoe umeme kiasi gani, inaungua pia.

Hayo sikuyajua. Nilichojua ni kile nilichokiona: gari linaingia na ugonjwa mmoja, linatoka na miwili. Lingine lilikuja kwa sababu ya mkanda uliolegea tu. Tukavua kofia, tukakaza mkanda, likaenda. Baada ya wiki likarudi likivutwa kwa kamba.

“Fomeni,” nilimuuliza siku moja, “mbona hizi alteneta zinakufa zikishatoka kwetu?”

“Kwani wewe ni nesi wao? Shika ufagio.”

Nikashika ufagio. Lakini nisijifanye malaika. Nilivua kofia kwa miaka, na nilikuwa naivua kwa madaha. Wateja walipenda. Mita ya kupimia volti kwetu haikuwapo, na hata ingekuwapo, mteja asingeweza kuisoma, angedhani unamchezea. Lakini injini ikizima mbele ya macho yake, hata bibi yake aliye mashambani angeelewa. Siwezi kuhesabu alteneta nilizoua kwa mkono huu.

Sasa nije kwenye siku niliyopoteza jicho. Pikapu ya kubeba maziwa iliingia asubuhi, taa zake zikiwa kali kupita kiasi, balbu zinaungua kila siku. Nilipofungua boneti nikanusa mayai yaliyooza. Betri ilikuwa inatokota ndani, unaisikia kabisa, kama sufuria iliyofunikwa. Leo ningewaambia mara moja: regyuleta imeshindwa, alteneta inaijaza betri kupita kiasi, na gesi inayotoka pale inawaka kwa cheche ndogo tu. Zima injini, rudi nyuma, acha ipoe. Siku ile nilijua tu kwamba harufu ile sikuipenda.

“Fomeni, betri inachemka.”

“Kinachochemka ni chai. Vua kofia, mteja anangoja.”

Nikavua. Cheche ikaruka.

Betri ililipuka, lakini mlio sikuusikia. Nilijikuta nimekaa chini, uso unawaka, na kitu kikitiririka mashavuni ambacho nilidhani ni damu. Ilikuwa asidi. Mama aliyetuuzia chai langoni, Mama Atieno, alikuja mbio na beseni zima la maji ya kuoshea vikombe akanimwagia usoni, akarudi kuteka lingine, akanimwagia tena, huku wanaume wenzangu wamesimama wakitazamana. Daktari aliniambia baadaye kwamba maji yale ndiyo yaliyoniokolea jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limeshakwenda.

Nikiwa wodini, Kamotho alimwambia meneja kwamba nilikuwa navuta sigara juu ya betri. Sijawahi kuvuta sigara maishani mwangu, na Kamotho alijua hivyo, kwa sababu alikuwa akinituma dukani kumnunulia zake. Meneja hakuja kuniuliza. Alituma barua ya kuniachisha kazi kwa uzembe. Niliisoma polepole, kwa jicho moja, nikaona jina langu limeandikwa vibaya.

Nilipopona nilizunguka gereji zote za Jogoo Road. Kila mahali waliniangalia usoni kwanza, halafu mikononi, halafu wakasema nafasi hakuna. Nani atampa fundi wa jicho moja waya nyembamba? Eastlands haichelewi kukupa jina. Wakaniita Taa Moja. Watoto waliniita hivyo, makanga wa matatu waliniita hivyo, mpaka kinyozi wangu. Nikaanza kuuza njugu karibu na mahakama ile ile.

Hapo ndipo nilipokutana na Bwana Salim. Alikuwa fundi wa umeme wa malori ya serikali mpaka alipostaafu, mtu mrefu, kanzu safi, kalamu mbili mfukoni. Alinunua njugu, akauliza kilichonipata. Nikamweleza kila kitu, nikitarajia aseme pole kama wengine. Hakusema pole.

“Mita ilikuwa wapi?” akauliza.

“Mita gani, mzee?”

Akatafuna njugu zake. “Kwa hiyo ninyi mlikuwa mnamkaba mgonjwa koo ili mjue kama anapumua. Kesho saa mbili uje kwangu.”

Nilikwenda kesho yake, na nikaendelea kwenda kwa muda mrefu. Alinifundisha barazani kwake, kwa gari lake kuukuu na mita yenye mshale. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima inasoma kama volti kumi na mbili na nusu. Washa injini: mshale upande mpaka karibu kumi na nne. Ukibaki kwenye kumi na mbili, gari halichaji. Ukipita kumi na tano, linachaji kupita kiasi, na hapo weka uso wako mbali. Kofia haiguswi. Kabla ya kulaumu alteneta, kagua mkanda, safisha vichwa vya betri, fuata waya unaotoka betri kwenda kwenye bodi ya gari, maana kutu kidogo pale inatosha kukudanganya.

“Na kabla ya hayo yote,” alisema, “muulize mwenye gari. Yeye anaishi nalo. Wewe umekutana nalo leo.”

“Nikishaona mita, maswali ya nini, Bwana Salim?”

“Mita itakuambia gari linaumwa. Haitakuambia linaumwa lini.”

Siku aliyonipa ile mita yake niende nayo, aliifunga kwa kitambaa kama mtu anayempa binti yake zawadi ya harusi. Hakuwa na maneno mengi. “Usivue,” alisema tu.

Nilipata nafasi Kayole, kwenye uwanja mmoja ulio hatua chache kutoka Spine Road, ambapo mafundi kama dazeni hivi tulijipanga kila mtu na eneo lake. Mwenyekiti alikuwa Otieno, fundi wa breki, mtu wa ulimi mkali lakini hakuwa mwizi. Alinipokea kwa sababu hapakuwa na fundi wa umeme, na alinionya kuwa ni majaribio.

Shida ilianza mapema. Mteja anakuja, nafungua boneti, natoa mita, yeye anakunja uso.

“Budaa, hiyo ya kusoma soma wachana nayo. Vua kofia tuone.”

“Mimi sivui.”

“Kwani unaogopa?”

“Ndiyo, naogopa. Niangalie usoni.”

Wengine walicheka wakabaki. Wengi waliondoka, wakaenda kwa fundi wa injini jirani, ambaye hakujua umeme lakini alivua kofia akaifunga tena hata bila kuombwa. Wale waliobaki walikwenda kusimulia kwamba kuvua kofia kunaua alteneta, na watu wakaanza kuwauliza mafundi wengine maswali. Hilo ndilo lililouma uwanja mzima. Otieno akaitisha mkutano.

“Taa Moja, unatuharibia soko,” alisema mbele ya watu. “Watu wanakuja hapa wakiuliza maswali kama polisi.”

“Waache waulize. Ni magari yao.”

“Wewe una mdomo. Una kazi?” Akaelekeza kidole kwenye gari la kijivu lililoegeshwa chini ya paa la mabati. “Gari ya Mama Njeri. Alteneta tatu zimefungwa, zote zimekufa, hata mimi nashindwa kumtazama usoni. Leo ni Jumamosi. Ukiitengeneza bila kuvua kofia, sitasema tena. Ikikushinda, Jumatatu nafasi yako inapewa mtu mwingine.”

Nilijua maana yake. Nje ya uwanja ule nilikuwa na njugu tu za kuuza.

Mama Njeri alikuwa karani mstaafu, mkaaji wa Buruburu, mwanamke wa kusimama wima. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

“Wewe ndiwe wa nne. Nikuambie mapema: ukinivulia ile kofia yenu naondoka na spana zako.”

“Mama, hapo tumeelewana. Keti.”

Nikampa kiti changu. Mafundi wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti, “Wasee, mnaona? Taa Moja ameacha gari anamtongoza mathe wa watu!”

“Afadhali yeye anatongoza,” Mama Njeri akajibu bila kugeuka. “Wewe ulinifungia alteneta kinyumenyume.”

Uwanja ukalipuka kwa kicheko, na yule akarudi kwenye kazi yake. Nami nikauliza maswali yangu. Linamsumbua lini?

“Siku za kazi. Nampeleka mjukuu shule, naenda mjini, narudi. Ikifika Alhamisi haiwaki, inasukumwa.”

“Na mwisho wa wiki?”

Akafikiri. “Ajabu ni kwamba Jumamosi nikienda Murang’a, Jumapili inawaka yenyewe. Na Jumatatu pia. Nilidhani inapenda nyumbani.”

“Ikisukumwa leo ikawaka, unaenda mpaka Murang’a vizuri?”

“Bila shida.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Alteneta iliyokufa haifufuki Thika Road, njiani kwenda Murang’a. Gari hili lilikuwa linachaji likikimbia na halichaji likitambaa kwenye msongamano wa Jogoo Road. Kwa hiyo alteneta ilikuwa nzima. Ilikuwa imelala, na ni mbio tu zilizoweza kuiamsha.

Niwaeleze, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo magari ya zamani yanalo na wengi hawalijui. Alteneta haianzi kazi yenyewe. Inahitaji umeme kidogo wa kuiamsha kutoka kwenye betri, na katika magari mengi ya zamani umeme huo unapita kwenye ile balbu ndogo nyekundu ya dashibodi, yenye picha ya betri. Watu wanadhani balbu ile ni ya kukuonya tu. Kumbe ndiyo njia. Balbu ikiungua, njia imekatika. Injini ikizungushwa kwa nguvu sana, sumaku kidogo iliyobaki ndani ya alteneta inaweza kuiamsha, lakini kwenye msongamano haiamki.

Nikaisaidia betri yake kwa waya kutoka betri yangu iliyojaa, kisha nikamwomba Mama Njeri aingie ndani, afungue swichi bila kuwasha injini.

“Taa ya betri inawaka?”

“Hapana. Haijawahi kuwaka. Si ndiyo vizuri?”

Nilichukua balbu ndogo niliyokuwa nimeiunganisha na waya mbili, chombo changu cha kupimia. Waya mmoja nikaubana kwenye betri, upande wa chanya, na mwingine nikaushika kwenye ule msumari mdogo ulio nyuma ya alteneta, unaopokea umeme wa kuiamsha. Balbu ikawaka mkononi mwangu. Mafundi walikuwa wamesogea, Otieno mbele yao.

“Mama, washa.”

Injini ikawaka. Balbu mkononi mwangu ikafifia, ikazima. Nikaweka mita kwenye betri, nikamwambia Otieno aisome, maana niliona hatanisadiki mimi. Akainama, akasoma.

“Ngapi?” mtu akauliza nyuma.

“Kumi na nne.” Kisha akaniambia, “Rudia.”

Nikazima, nikarudia. Kumi na nne. Akataka mara ya tatu, nikarudia. Hapakuwa na cheche, hapakuwa na injini ya kuzima. Balbu tu, iliyowaka ikazima, na kila mtu aliiona.

Tulipofungua dashibodi, nyumba ya balbu ilikuwa tupu na safi. Balbu haikuungua. Ilitolewa kwa vidole. Mama Njeri akashika kichwa. Gari alilinunua kwa dalali aitwaye Ndegwa, aliyekuwa akiuza magari kando ya barabara Buruburu, na siku ya kulinunua Ndegwa alimwonyesha dashibodi akamwambia, “Mama, tazama mwenyewe, hata taa moja ya hatari haiwaki.” Yaani gari lilikuwa na hitilafu fulani ndogo, taa ikawa inawaka, naye kwa kuificha akang’oa balbu. Alipoing’oa, akaua kuchaji. Mafundi watatu wakafunga alteneta mpya kwenye gari lisilo na njia ya kuziamsha, na kila mmoja alianza kwa kuvua kofia. Alteneta ya kwanza na ya pili, nilipozifungua baadaye, daiodi zilikuwa zimeungua nyeusi.

Ndegwa namtaja kwa sababu balbu ile ni kitu kidogo kuliko kidole gumba, na bei yake hata mwanafunzi anayo mfukoni.

Niliweka balbu mpya. Mama Njeri alikwenda mjini Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi akaja uwanjani akiendesha mwenyewe, akapiga honi ndefu mpaka Otieno akatoka uvunguni mwa gari. Hakushuka. Alipunga mkono tu akaenda zake.

Otieno hakuniomba msamaha. Si mtu wa hivyo. Alikuja kwangu jioni ile akasema, “Hebu nifundishe hiyo kitu ya kusoma.” Basi. Nafasi yangu haikutajwa tena katika mkutano wowote. Polepole fundi mmoja akanunua mita, halafu mwingine. Wapo wanaovua kofia mpaka leo, nawajua, lakini wanafanya wakitazama nyuma kwanza.

Nimestaafu mwaka huu. Hakuna aliyenifukuza. Jicho la kulia limeanza kuweka ukungu, na kabla halijanichanganyia waya mwekundu na mweusi niliona heri nitoke kwa miguu yangu. Kuhusu Kamotho, nasikia siku hizi ni mzee wa kanisa na anakusanya sadaka. Watu wananiambia nimsamehe. Njia ya kuja kwangu Kayole anaijua. Aje aseme mbele ya watu kwamba sikuwa navuta sigara, kisha tutazungumza. Mpaka hapo siwezi kumsamehe mtu ambaye bado hajafanya kosa, kwa jinsi anavyosimulia yeye.

Lakini sikai nikinung’unika siku nzima. Simu inalia. Mafundi wa uwanja, hata wengine nisiowajua, wananipigia. Juzi asubuhi nilikuwa nakunywa chai, fundi mmoja wa kike, ambaye sasa ndiye anayefanya kazi za umeme pale, akapiga.

“Mzee, nina gari ya zamani hapa. Mita inasoma vizuri, mkanda mzuri, taa inawaka na kuzima sawasawa. Lakini asubuhi betri ni mbovu. Nafikiri nibadilishe alteneta.”

“Mwenye gari anasemaje?”

“Sijamuuliza.”

“Yuko wapi?”

“Amesimama hapa.”

“Mpe kiti. Halafu mpe simu.”

Nikasikia kiti kikiburutwa, kisha sauti ya mwanamume mzima, ya mtu ambaye hajaulizwa kitu kwa muda mrefu.

“Habari ya asubuhi, mzee. Mimi sijui mambo ya magari.”

“Hiyo hainisumbui,” nikamwambia. “Niambie tu siku ya kwanza ilipokataa kuwaka. Ulikuwa umetoka wapi?”

Akavuta pumzi, akaanza kusimulia. Nikaweka kikombe chini.